Mtambo wa Upepo Nyumbani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Tunawasalimu ninyi mlio Rhino Camp, Imvepi na Lobule, pamoja na wenyeji wetu wa Kuluva, Arua na Koboko. Leo tunaongea juu ya umeme wa upepo. Mitambo midogo inatangazwa sana kwenye simu: mapanga matatu, mlingoti, na boksi limeandikwa "wati 400". Kwa familia inayoishi kwa mgao, bei yake ni chakula cha miezi. Basi tuulize: hizo wati 400 zinapatikana kwa upepo gani?

Mara nyingi ni upepo wa mita 12 hivi kwa sekunde. Huo unatikisa matawi makubwa, na mwavuli haushikiki. Hapa kwetu unakuja na mvua ya radi, unang'oa mabati, kisha umepita.

Upepo una hesabu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara 8, kwa sababu hewa inayopita ni nyingi zaidi na inasukuma kwa nguvu zaidi. Mtambo ambao duara la mapanga yake lina upana wa mita 1 utatoa kama wati 3 upepo ukiwa mita 3 kwa sekunde. Ukifika mita 6, utatoa kama wati 22. Na mitambo mingi haianzi hata kuzunguka chini ya mita 3.

[Sauti ya upepo, sekunde tano]

Kupima si lazima uwe na chombo. Funga kitambaa chepesi juu ya mti mrefu uliosimamishwa mahali pa wazi, chukua daftari, uandike asubuhi, mchana, jioni na usiku. Ukisikia upepo usoni na majani yanachakacha tu, hapo ni mita 2 au 3. Kitambaa kikinyooka na vijiti vidogo havitulii, ni 4 au 5. Vumbi na karatasi zikiruka, ni 6 au 7. Andika kiangazi, andika na wakati wa mvua, maana pepo zake hazifanani. Kama daftari lako limejaa "majani yanachakacha", acha mtambo. Nunua sola. Paneli ya wati 50 siku ya jua hutoa umeme wa kuwasha taa ya wati 5 usiku kucha na kuchaji simu kadhaa. Kwa nyumba nyingi za bondeni, katikati ya miembe, sisi tunaona hilo ndilo jibu.

Lakini mbona wengine wamefaulu? Huko Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, kuna mitambo 365 inayotoa megawati 310. Pale upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, unavuma karibu bila kupumzika. Na Malawi, mwaka 2002, kijana William Kamkwamba alijenga wake kwa dainamo ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, juu ya mnara wa miti ya mikaratusi. Uliwasha taa chache na redio. Alijenga kwa vitu vilivyotupwa. Hakuuza mgao wa nyumbani.

Sasa wewe uliye juu ya kilima, na daftari linasema vumbi linaruka karibu kila siku. Kabla ya kuchimba shimo, muone mwenyekiti wa RWC na ofisi ya OPM, na mwenye ardhi pia. Mapanga yawe juu ya miti na nyumba zote zilizo karibu, kwa mita 10 ikiwezekana, kwani nyuma ya mti upepo unavurugika. Usifunge mlingoti kwenye paa: mtikisiko utapasua ukuta wa matofali ya udongo. Ukaze kwa nyaya za chuma pande nne, kwenye vigingi vilivyozama sana. Watoto wasicheze pale, hasa wakati wa radi.

Kwenye nyaya, mwite fundi. Betri inaunganishwa kwanza na kontrola, ndipo mtambo. Mtambo unaozunguka bila betri unapandisha volti mpaka kontrola inaungua. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na betri ikae mahali penye hewa, mbali na moto wa jikoni na mbali na nyasi za paa.

Mwambie pia fundi aweke swichi ya breki. Hiyo inatenga mtambo na betri, kisha inaunganisha nyaya za mtambo zenyewe kwa zenyewe, na mapanga yanapunguza mwendo. Nyaya za betri usizigusanishe kamwe, zinawasha moto. Ukiona wingu jeusi linakuja, funga breki mapema, upepo ukiwa bado mdogo.

[Muziki unapanda]