Konokono Aliyelala Si Mfu

Hapa Mandawa mvua zikikatika, konokono mkubwa hujifungia ndani ya gamba kwa utando mweupe. Wengi wetu humtupa tukidhani amekufa. Kumbe amelala! Aliyekufa hunuka. Tumnyunyizie maji kidogo, tusubiri.

Tunayemfuga tumweke kwenye ndoo yenye udongo wa unyevunyevu na mfuniko wa matundu. Tumpe mchicha, papai na maganda ya mayai yaliyosagwa. Bila chokaa gamba hudhoofika. Likipasuka, tumtenge kivulini, atajiziba taratibu. Chumvi humwua. Hutaga mayai hata 200 kwa mara moja; tusiyafukue.

Tukimshika tunawe kwa sabuni, maana huweza kubeba minyoo. Hana sauti ya kulalamika; sisi tuliomfungia ndio tutakaoulizwa.