Je, Wajua? Bugando, Nyumba ya Kanisa na ya Dola

Je, wajua ya kwamba hospitali ya Bugando, iliyokaa kilimani ikiukabili mji wa Mwanza pamoja na ziwa lake, ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikatwaliwa na Serikali mwaka uliofuata, kisha mwaka 1985 uendeshaji wake ukarejeshwa kwa maaskofu, nayo Serikali isiache kuchangia mishahara ya watumishi wake?

Kwa upande wa sheria, Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania, iliyotiwa pamoja na haki nyinginezo mwaka 1984, yamwachia kila mtu hiari ya imani yake, na kuuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo, mwaka 1992 Serikali ilitia saini makubaliano na makanisa juu ya elimu na afya, jambo lililowafanya Waislamu wengi walalamike kwamba dola imeelemea upande mmoja. Na kwa rai yangu, malalamiko hayo yastahili kujibiwa kwa hoja na kwa hesabu zilizo wazi, kwa kuwa fedha ya hazina ni amana ya raia wote, akiwamo Mhindu mwenye hekalu lake pale mjini Mwanza, na mvuvi wa kisiwa cha Ukerewe ashikaye mila za wahenga wake.

Na kumbuka, msomaji, kwamba sensa ya mwisho kumwuliza Mtanzania dini yake ilikuwa ya mwaka 1967, hivyo hesabu hizo haziwezi kuegemea idadi rasmi ya sasa ya waumini wa kila dini.