Kikuza sauti cha gitaa la besi kwa mwanamuziki aliye safarini

Leo tunakizungumzia chombo ambacho wapigaji wa gitaa la besi hukitafuta kwa taabu kila wanapopata safari: kikuza sauti kidogo cha kufanyia mazoezi, au amplifaya kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, kinachoweza kubebwa mkobani, kutumika chumbani, na kisimkoseshe mtu makazi.

Tuchukue mfano. Mpiga besi kutoka Mombasa au Dar es Salaam amepata mkataba wa miezi 6 katika hoteli moja mjini Muscat. Jukwaani vyombo vipo vya kutosha. Lakini anatakiwa azijue nyimbo 30 mpya kabla ya juma kumalizika, chumba analala na wenzake wawili, na nyuma ya ukuta yupo jirani anayeamka alfajiri kwenda kazini. Asipofanya mazoezi, mkataba hautaongezwa. Akifanya kwa kelele, atatolewa chumbani. Na uzito wa mizigo aliouruhusiwa kwenye ndege umekwisha kuliwa na gitaa lenyewe.

Kwa nini basi asinunue kikuza sauti chochote kidogo cha gitaa, akaridhika? Jibu limo katika maumbile ya sauti. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, ilhali ule wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Wimbi la sauti ya mitetemo 41 lina urefu unaozidi meta 8, yaani ni refu kuliko chumba chenyewe anacholala mwanamuziki wetu. Ili spika iitoe sauti hiyo kwa nguvu ni sharti isukume hewa nyingi: ama iwe pana, ama iende mbele na nyuma kwa umbali mkubwa. Spika ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la kawaida haikuandaliwa kwa kazi hiyo. Ukiilazimisha kwa besi, huanza kukwaruza, na hatimaye huweza kupasuka.

Msikilizaji huenda akauliza: vipi basi spika za inchi 3 au 4 katika vikuza sauti vidogo vya besi husikika? Uzi unapopigwa hautoi mtetemo mmoja tu. Pamoja na ule wa 41 hutoka pia wa 82, wa 123, wa 164 na kuendelea. Spika ndogo huitoa hii ya juu, na ubongo wa binadamu huijaza ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana redio ndogo ya betri iliyowekwa dirishani ilitutosha kufahamu mpiga besi alikuwa akifanya nini katika nyimbo za dansi, ingawa mngurumo wenyewe haukuwemo. Kwa mazoezi ya kujifunza nyimbo, hilo latosha. Kwa kupiga pamoja na mpiga ngoma, halitoshi hata kidogo, na muuzaji anayedai kinyume chake asisikilizwe.

Tatizo la kubeba besi si geni. Leo Fender alipoiuza besi yake ya umeme huko Marekani mwaka 1951, mojawapo ya mambo yaliyowavutia wanamuziki ni kuondokana na ile besi kubwa ya kusimama, isiyoingia garini bila ya ugomvi. Kumbe mzigo ulihamia kwenye kikuza sauti. Mwaka 1960 kampuni ya Ampeg ilitoa modeli ya B-15, ambayo sehemu yake ya mitambo hupinduliwa na kufichwa ndani ya sanduku la spika wakati wa safari. Ilikuwa akili nzuri, ila sanduku lenyewe lilihitaji mgongo wenye afya. Nafuu ya kweli imeletwa na vikuza sauti vya daraja la D, ambavyo huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa mno badala ya kupoteza sehemu yake kubwa kwa joto. Kwa hiyo havihitaji vyuma vizito vya kupozea, na betri hudumu.

Leo msafiri ana njia tatu. Ya kwanza ni kifaa kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa na kusikilizwa kwa hedifoni, mfano wake ukiwa amPlug ya kampuni ya Vox, ambayo huingia katika kiganja cha mkono. Ya pili ni kikuza sauti cha betri chenye spika ndogo. Ya tatu ni kile cha umeme wa ukutani chenye spika ya inchi 8, kama vile Fender Rumble 25, ambacho kina uzito wa takriban kilo 9 na nusu. Hiki cha mwisho ni chombo kizuri cha nyumbani. Kukiita cha safari ni kumtania msafiri, labda awe anasafiri kwa gari lake mwenyewe.

Kwa maoni ya mwandishi, mwanamuziki wa mfano wetu aanze na njia ya kwanza. Hedifoni ziko karibu na sikio, hazina haja ya kusukuma hewa ya chumba kizima, na kwa hiyo huitoa sauti ya chini kwa ukamilifu ambao spika ya inchi 4 haiwezi kuufikia. Jirani hasikii kitu. Lakini ziwe za waya. Zile zisizo na waya za kawaida, zitumiazo Bluetooth, huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa kusikiliza muziki si neno, ila kwa mpiga besi, ambaye kazi yake ni kushika mwendo pamoja na ngoma, ni maangamizi. Tena kifaa kiwe na tundu la kuingizia muziki kutoka kwenye simu, kwani bila ya hilo nyimbo 30 hatazifunza.

Wati zisimhadae mnunuzi. Kuongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 5 hadi 10, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara kumi.

Tuje kwenye umeme, ambako fedha nyingi hupotea. Jamaa aliyeko Marekani hununua kikuza sauti kwa nia njema na kumtumia nduguye Nairobi. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120; Kenya na Oman ni 240. Kama kibandiko cha chombo kimeandikwa 120 pekee, siku ya kwanza kitafuka moshi. Kikiandikwa 100 hadi 240, hakina tatizo. Na ifahamike kwamba kile kiunganishi cha kubadilishia plagi hubadilisha umbo la pini tu, hakibadilishi volti. Anayesafiri baina ya Kenya, Uganda, Oman, Dubai na Uingereza ana bahati, kwa sababu kote huko plagi ya pini tatu bapa ndiyo itumikayo. Akielekea Bujumbura au Kinshasa, atazikuta pini za mviringo.

Betri nazo zina sheria zake angani. Betri za lithiamu za akiba, pamoja na zile za kuchajia simu, hubebwa ndani ya ndege pamoja na abiria, wala haziwekwi katika mizigo ya chini. Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100. Kuanzia hapo hadi 160 huhitajika idhini ya shirika la ndege. Hesabu yake ni kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 3.7 yenye ampea-saa 20 ina wati-saa 74, nayo hupita. Chombo kinachotumia betri ndogo za dukani kina faida nyingine, maana betri hizo hupatikana hata pale ambapo umeme hukatika kila jioni.

Na kwa yule atakayechagua chenye spika, akijaribu dukani kwa gitaa lake mwenyewe. Apige uzi mnene bila ya kuubana, sauti ikiwa nusu, kisha asikilize kama sanduku linatetemeka kwa kelele. Akifika chumbani akiweke karibu na kona, kwani kuta mbili huipa besi nguvu bila ya gharama. Lakini asikiweke juu ya sakafu tupu. Kiti, au mto uliokunjwa, huuzuia mtetemo usiteremke kwa mpangaji wa ghorofa ya chini.