Bano Isiyo na Uzito

Fundi wa simu alikuwa akinibadilishia betri kwenye kibanda chake karibu na mpaka, Busia, upande wa Kenya, nami nimekaa benchini namtazama mpwa wake akicheza gemu. Mtoto wa miaka kumi hivi. Ameishika simu kwa mikono miwili kama anayebeba sinia la chai, anaiinamisha huku na huku, na ndani yake mpira unaong'aa unaviringika juu ya njia nyembamba zilizoning'inia hewani: daraja la ubao mmoja, nyundo inayobembea, pengo la kuruka, kisha lango la mwisho. Mpira ukidondoka, unarudishwa mwanzo. Alidondoka mara nyingi bila kununa. Halafu akanigeukia, maana alikuwa amemsikia mjomba wake akiniita mwalimu, akasema: "Mwalimu, hii bano haina uzito."

Ulimi uliniwasha kumwambia kwamba amekosea. Nimefundisha fizikia miaka ya kutosha, na jambo la kwanza tunalowaambia wanafunzi kuhusu mteremko ni kwamba uzito hauna neno. Nikanyamaza, kwa sababu mtoto huyu amecheza bano halisi vumbini zaidi kuliko mimi siku hizi, na mikono yake ilikuwa imegundua kitu.

Bano ni jina la Kenya. Ukivuka kwenda Uganda utasikia duulu, na Tanzania ni gololi. Huku kwetu gololi ni ile ya chuma inayotoka kwenye beringi, na Busia haijawahi kukosa gololi za chuma, kwa kuwa ndiko boda boda ilikozaliwa. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita "boda, boda!" Baiskeli inayobeba mtu mzima na gunia la mahindi humaliza beringi upesi, fundi akiifungua, gololi zinaishia mifukoni mwa watoto. Sisi tulizithamini sana na tulizipiga marufuku mchezoni. Marufuku hiyo ndiyo itakayotupa jibu, ila tuanze kwanza pale ambapo mtoto angekosea.

Chukua bano ya kioo na gololi ya chuma za ukubwa mmoja. Ya chuma ni nzito mara tatu hivi. Ziachilie pamoja juu ya ubao ulioinama: zitafika chini pamoja. Dunia huivuta ya chuma kwa nguvu mara tatu, lakini ya chuma nayo ni mkaidi mara tatu zaidi kusogezwa, basi hili linafuta lile. Hata ukubwa hausaidii. Kinachoamua ni mwinamo wa ubao, mvutano wa dunia, na jinsi uzito ulivyopangwa ndani ya mpira. Hili la mwisho huwashangaza wengi. Kitu kinachoviringika kina kazi mbili, kwenda mbele na kujizungusha, na nguvu ileile moja lazima igawanywe. Mpira uliojaa, kama bano, huongeza kasi kwa sehemu tano tu kati ya saba za ile ambayo ungepata kama ungeteleza bila msuguano wowote. Mpira ulio tupu ndani, kama ule wa ping-pong, hupata tatu kati ya tano. Ndiyo maana ukiushindanisha na bano kwenye mteremko, bano hushinda kila mara, na aliyeweka dau kwa sababu bano ni nzito atachukua pesa kwa sababu isiyo sahihi.

Simu haijui lolote kati ya hayo. Inajua mpira uko wapi, unakwenda upande gani kwa kasi gani, na sakafu iliyo chini yake imeelekea wapi. Kwa kawaida mara 60 kila sekunde inauliza maswali hayo matatu, inaongeza kasi kidogo kuelekea mteremko, inasogeza mpira kidogo, inachora picha upya. Mizunguko unayoiona juu ya mpira katika gemu nyingi rahisi ni mapambo: ndani ya hesabu kuna nukta inayoteleza, na picha inazungushwa baadaye ili jicho liridhike.

Gemu za jinsi hii si ngeni. Mwaka 1984 kampuni ya Atari Games ilitoa Marble Madness, iliyobuniwa na Mark Cerny akiwa na umri wa takriban miaka 20. Ni huyohuyo aliyekuja kuwa msanifu mkuu wa mashine za PlayStation 4 na PlayStation 5. Ilikuwa na njia sita tu, zilizochorwa kana kwamba unazitazama kutoka pembe ya dari, na saa iliyokuwa ikikukimbiza. Sekunde ulizookoa katika njia moja ulizibeba kwenda kwenye inayofuata. Mchezaji hakubonyeza vitufe kuelekeza bano yake. Alizungusha kwa kiganja mpira halisi uliopachikwa kwenye meza ya mashine, nao ulikuwa na uzito wake: ukiusukuma uliendelea kuzunguka, ukitaka kuusimamisha ilibidi uukamate. Mwaka 2001 Wajapani wa Sega walileta njia nyingine kwa gemu yao ya nyani aliyefungiwa ndani ya mpira. Mchezaji hausukumi mpira hata kidogo, anainamisha dunia nzima, na mashine ya kwanza ilikuwa na mkono wa kushika wenye umbo la ndizi.

Ukitaka kuelewa kwa nini watunzi wa gemu hizi hulazimika kusema uongo, utazame Mwamba wa Tororo, upande wa Uganda. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 300 juu ya mji unaouzunguka. Tuseme pana mfereji laini kutoka kileleni hadi barabarani, hakuna upepo, hakuna kokoto, na mtu ameachilia bano. Itafika chini ikiwa na kasi ya kama mita 65 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Hakuna kidole kinachoweza kuiongoza bano hiyo kwenye daraja la ubao mmoja. Kwa hiyo mtunzi huweka breki isiyoonekana: kila hatua ananyofoa sehemu ndogo ya kasi, akisingizia hewa au msuguano, na mara nyingi anaweka kikomo kisichovukwa. Kisha anaongeza uongo mwingine. Bano ikiruka pengo, humruhusu mchezaji kuigeuza kidogo angani, jambo ambalo bano ya kweli haiwezi. Huongeza mvutano ili mpira ushuke haraka, kwani ukitumia mvutano halisi, kuruka kunaonekana kama puto. Uongo huu hauniudhi. Gemu isiyo nao huwa ngumu na inachosha; gemu yenye uongo mahali pasipofaa ndiyo inayomfanya mtoto wa Busia aseme kitu kisichoeleweka mara moja na mwalimu wake.

Turudi kwenye marufuku. Bano ya kioo ikiipiga bano ya kioo katikati barabara, ile iliyopiga karibu isimame na iliyopigwa huondoka na karibu kasi yote. Mchezo mzima umejengwa juu ya usawa huo. Sasa leta gololi ya chuma, nzito mara tatu. Ikipiga bano ya kioo, na tukiacha kando kinachopotea katika mlio na vumbi, bano itafyatuka kwa kasi mara moja na nusu ya ile iliyokuja nayo gololi, na gololi itaendelea mbele kwa nusu ya kasi yake, haijali, inatafuta nyingine. Mwenye gololi ya chuma hakuwa mchezaji hodari, alikuwa na silaha. Hapo ndipo uzito unapojitokeza: bano inapokutana na kitu kinachoweza kusukumwa.

Nikaiazima simu ya yule mtoto nicheze. Nyundo zilinisukuma, lakini mimi sikuweza kuisukuma nyundo hata milimita. Masanduku yalikuwa yamegandishwa sakafuni. Ubao wa daraja haukulemewa nilipopita juu yake. Hakukuwa na mpira mwingine hata mmoja. Ndani ya programu ile huenda mtunzi ameandika kwamba mpira una uzito wa gramu tano au tani tano, na gemu isingebadilika hata kidogo, kwa kuwa hakuna mahali ambapo namba hiyo inatumika. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu. Cerny aliliona hilo mapema: katika njia zake aliweka bano nyeusi ya chuma inayokufuata na kukugonga ukingoni. Anayecheza hahitaji kuelezwa kwamba ile ni nzito.

Kuna dosari nyingine ambayo watoto wa mpakani huifahamu kuliko watoto wenye simu za bei kubwa, nayo ni mpira kupita ukutani. Wao wanasema gemu "imebagi". Kumbuka zile hatua 60 kwa sekunde. Bano inayokwenda mita tatu kwa sekunde husogea sentimita tano katika hatua moja. Haipiti katikati ya hizo sentimita. Inatoka hapa, inatokea pale. Kama ukuta ni mwembamba, hatua moja bano iko upande huu na hatua inayofuata iko upande wa pili, na programu ikiuliza "je, umegusa ukuta?" jibu ni hapana, katika hatua zote mbili. Simu dhaifu ikipata joto na kuchora mara 20 tu kwa sekunde, hatua inakuwa sentimita 15, na kuta nyingi zaidi zinageuka pazia. Tiba yake inajulikana: usihesabu mwendo kwa kufuata picha. Hesabu kwa hatua ndogo zisizobadilika, hata kama picha zinachelewa, au uliza kama mstari kati ya ulipotoka mpira na ulipofika umekatiza ukuta. Mtunzi anayejaribu kazi yake kwenye simu ya gharama peke yake hataiona dosari hii. Ningependa kila mmoja wao aletewe simu ya mtumba kutoka mtaa wa Sofia, ng'ambo ya pili ya mpaka, aifanyie kazi wiki moja.

Jambo la mwisho linahusu ile mikono iliyobeba sinia. Ndani ya simu kuna kihisio kidogo kuliko punje ya mchele, chenye kipande cha silikoni kilichoshikiliwa na springi nyembamba mno. Ukiilaza simu, kipande huvutwa chini moja kwa moja. Ukiiinamisha, huegemea upande, na umeme unaopimwa kando yake hubadilika. Hivyo ndivyo gemu inavyojua mwinamo. Maana yake ni kwamba mwelekeo wa mvutano ndani ya simu ile haukubuniwa ofisini kwa mtunzi. Kinachovuta kile kipande ni dunia hii, hapa Busia karibu na ikweta, ambako mvutano ni takriban mita 9.78 kwa sekunde kila sekunde, mdogo kidogo kuliko ule wa 9.81 wanaouhesabu London. Tofauti hiyo hakuna mkono utakaoihisi, lakini mimi hunifurahisha.

Nilimrudishia mtoto simu, naye akailaza mezani akisubiri mjomba ampe nafasi ya kuchaji. Mpira ndani ya gemu, ulioachwa peke yake, ukaanza kutambaa polepole kuelekea kushoto. Fundi akasema gemu imeharibika. Mtoto akatia mkono mfukoni, akatoa bano ya kioo yenye ua la buluu ndani, akaiweka mezani kando ya simu. Ikasimama kidogo. Kisha nayo ikaanza kwenda kushoto, ikapita bisibisi, ikapita kopo la gundi, ikafika ukingoni na kuangukia sakafu ya saruji.

"Umesikia hiyo?" akaniuliza.