Kuugawa Ukurasa wa Wavuti: Fremu na Namna ya Kuzifundisha

Kila mwalimu huugawa ubao wake kabla ya kufundisha. Upande mmoja huandika tarehe, somo na mada, navyo hudumu mpaka kengele ilie. Upande mwingine huandika kazi ya kipindi, akaifuta na kuandika nyingine. Mwanachuo anayeijua sababu ya mgawanyo huo hatapata taabu kuelewa fremu katika HTML.

Fremu ni nini?

Fremu zilienea kwa kivinjari cha Netscape Navigator 2.0 mwaka 1996, zikaingizwa rasmi katika HTML 4 mwaka 1997. Ukurasa mama haukubeba habari yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuigawa skrini vyumba, na kuita ukurasa mwingine ujaze kila chumba:

<frameset cols="25%,75%">
<frame src="orodha.html">
<frame src="habari.html" name="kuu">
</frameset>

Robo ya kushoto ni ya orodha, robo tatu za kulia ni za habari. Kiungo cha orodha kikiandikiwa target="kuu", ukurasa mpya hufunguka kulia, na orodha hubaki mahali pake. Kwa mtandao wa polepole wa miaka ile, kutopakia orodha upya kulikuwa nafuu kubwa.

Hatua za kufundisha

Tuchukue mfano wa darasa la Kisiba, wilayani Rungwe, lisilo na kompyuta za kutosha. Somo hili laweza kuanza kwa chaki na karatasi za manila.

(a) Chora mstatili mkubwa ubaoni, uugawe robo na robo tatu.

(b) Bandika kushoto orodha ya majina manne: Ziwa Masoko, Mlima Rungwe, Migomba, Chai.

(c) Andaa kadi nne za kulia, zenye maelezo mafupi. Ya kwanza, kwa mfano, ieleze kuwa Masoko ni ziwa la kreta, na kwamba kando yake Wajerumani walijenga boma.

(d) Mwanafunzi mmoja aguse jina, mwenzake abadilishe kadi. Uliza: Ni nini kimebadilika? Ni nini kimebaki?

(e) Kadi ya Mlima Rungwe ikiwa ubaoni, uliza: Tukitaka rafiki aliye mbali aione kadi hii hii, tumpe anwani gani?

Swali la mwisho ndilo kiini cha somo. Anwani iliyopo ni ya ubao mzima. Rafiki akiifuata ataikuta kadi ya kwanza. Wanafunzi watakuwa wameigundua wenyewe kasoro kuu ya fremu. Ziko nyingine: mtu aliyeletwa na mtambo wa kutafuta huweza kukuta chumba kimoja kisicho na orodha, robo ya skrini ya simu haitoshi kusomeka, na asiyeona, anayesomewa na programu, hupewa ukurasa vipande vipande.

Njia ya leo

Kwa sababu hizo HTML5, iliyoidhinishwa mwaka 2014, iliiacha frameset. Iliyosalia ni iframe, ambayo hupachika ramani au video ndani ya ukurasa. Mgawanyo wenyewe sasa hufanywa kwa CSS. Orodha huwekwa katika nav, habari katika main, na chombo kinachozibeba zote mbili huandikiwa:

display: grid;
grid-template-columns: 1fr 3fr;

Uwiano ni ule ule wa robo na robo tatu, bali kila ukurasa una anwani yake, na kwa skrini nyembamba twaweza kuagiza orodha ikae juu ya habari.

Yatupasa kuwa waangalifu. Maandalio mengi ya zamani yangali na frameset, na vivinjari vingali vinaionyesha. Kwa hiyo kuonekana kwa ukurasa si ushahidi kwamba umeandikwa kwa njia ifaayo. Mtoto anayenakili bila kujaribiwa kwa swali kama lile la (e) hujifunza umbo, akakosa maana. Tufundishe fremu kama historia ya wazo, na gridi kama kazi ya mikono.

Zoezi: Andaa kipindi cha dakika 40 kuhusu mazao ya kijiji chako, kwa kufuata hatua (a) hadi (e). Kisha andika ukurasa huo kwa gridi, na uukague kwenye simu.