Klipu zikigoma kuingia, usikimbilie kununua laptopu

Bibi harusi anaulizia video yake tangu Jumapili jioni, na klipu ulizoingiza kwenye programu ya kuhariri zinatoa sauti tupu, picha hakuna. Fundi wa kwanza atakwambia mashine imechoka, tafuta nyingine. Wa pili atasema kadi ni feki. Huenda mmoja wao yuko sahihi, lakini kabla ya kutoa hata shilingi, pakua MediaInfo, programu ya bure, ufungue nayo klipu moja iliyogoma.

Yatakuja maandishi mengi. Soma mambo manne tu: kodeki ni AVC, yaani H.264, au HEVC, yaani H.265, kina cha rangi ni biti 8 au 10, rangi zimehifadhiwa kwa 4:2:0 au 4:2:2, na kasi ya fremu ni thabiti au inabadilika-badilika. Gharama yako yote imejificha humo.

Tuanze na matatizo ya bei rahisi. Mjomba kakuletea klipu alizopiga kwa iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo kwa kawaida hurekodi kwa HEVC, na programu za Windows yenyewe, bila nyongeza ya HEVC, haziwezi kuichezesha. Nyongeza hiyo imekuwa ikiuzwa dola 0.99 kwenye duka la Microsoft, na kwa aliye Kenya kadi ya M-Pesa GlobalPay inatosha kuilipia. Bure zaidi ni kumwambia mjomba, kabla ya sherehe, aingie mipangilio ya kamera achague mfumo unaokubalika kwingi, ingawa akitaka 4K ya fremu 60 simu itarudi HEVC tu. Kama sauti inaanza vizuri kisha baada ya dakika kadhaa midomo na maneno vinaachana, hapo kasi ya fremu ndiyo inayobadilika-badilika. HandBrake, nayo ya bure, itaigeuza klipu iwe na kasi thabiti. Kazi ya usiku mmoja, mashine ikiwa imeachwa peke yake.

Klipu inayokatika katikati ya nasaha za mzee mara nyingi haina ugonjwa wowote. Kadi za hadi GB 32 hutumia FAT32, mfumo usiopokea faili moja kubwa kuliko GB 4, kwa hiyo kamera hukata rekodi ndefu vipande vipande. Kamera za AVCHD, na Sony nyingi za XAVC, huweka taarifa za klipu kwenye folda nyingine ndani ya folda ya PRIVATE. Anayechomoa faili za video peke yake na kuacha zilizobaki anaweza kupoteza uunganisho huo. Nakili kadi nzima, pamoja na zile folda zinazoonekana tupu. Haigharimu kitu.

Gharama ya kweli inaanzia kwenye biti 10 za 4:2:2. Kamera kama Sony a7 IV au Canon R6, ambazo wapiga harusi wengi wamezihamia, zinaweza kurekodi hivyo, na rangi zake hakika ni tamu kurekebisha. Tatizo liko upande wa pili wa waya. Kwenye Windows, toleo la bure la DaVinci Resolve lina historia ndefu ya kuzikataa klipu za aina hii. Ndipo unapopata sauti bila picha. Studio, toleo la kulipia, ni dola 295 mara moja tu, na leseni moja inaingia kwenye kompyuta mbili. Premiere Pro kwa mkataba wa mwaka ni karibu dola 23 kwa mwezi. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500 za Tanzania, Studio ni kama 737,500, na Premiere ni 690,000 kila mwaka. Mwaka wa pili ukiingia, hesabu imeshajisema yenyewe. Kwa mtu wa harusi na send-off sioni sababu ya kulipa kodi ya mwezi, labda kama ofisi unayoifanyia kazi inadai faili za Premiere. Final Cut Pro ni dola 299.99, lakini lazima uwe na Mac.

Kuna njia isiyo na leseni: Shutter Encoder, ya bure, inayogeuza klipu kuwa ProRes au DNxHR, kodeki za kuhariria ambazo Resolve ya bure inazisoma bila ubishi. Hapo malipo yanahamia kwenye diski. Klipu ya 4K ya fremu 25 kutoka Sony, kwa megabiti 140 kwa sekunde, hula GB 63 kwa saa. Ikigeuzwa ProRes 422 inakuwa megabiti 492, GB 221 kwa saa. Harusi yenye saa tatu za picha inapanda kutoka GB 190 hivi hadi 660 na ushee, na bado hujaanza kuhariri. Diski ya TB 1 itabeba harusi moja tu.

Wengine watakushauri utengeneze proksi, nakala nyepesi za kuhariria. Kwa ProRes Proxy ya 1080 ni kama GB 17 kwa saa, na laptopu ya kawaida inazicheza bila kugandaganda. Ushauri mzuri, ila wengi hawamalizii: video ya mwisho kwa kawaida hutolewa kutoka klipu halisi. Programu yako ikishindwa kabisa kuifungua klipu halisi, proksi itakusaidia kukata na kupanga, halafu utakwama siku ya kumkabidhi mteja. Proksi ni dawa ya mashine nzito, haitibu programu inayokataa.

Na ukiamua kweli kununua mashine, usidanganywe na taa za kibodi. Laptopu ya gemu yenye AMD Ryzen na RTX ya mfululizo wa 40 haina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya 4:2:2. Mzigo wote unaangukia prosesa. Kwa NVIDIA uwezo huo ulikuja na mfululizo wa 50, mwaka 2025. Intel za kizazi cha 11 zenye grafiki zake ndani zinao, na MacBook Air ya M1, hata iliyotumika, inao pia. Nenda dukani na klipu yako kwenye flashi. Muuzaji asiyekuruhusu kuijaribu, mwachie mashine yake.

Kabla ya hayo yote, jiulize kama mteja anayetazama kwenye WhatsApp anaihitaji 4:2:2. Harusi nyingi zinatosheka na H.264 ya biti 8, 4:2:0, ambayo karibu kila programu ya bure inaipokea. Geuza mpangilio huo kwenye kamera leo, pima kazi mbili tatu, na dola 295 za Studio uzitoe tu pale rangi zitakapokushinda.