Mgunga, Mbaazi na Siri ya Mizizi

Oltepesi ni kituo kidogo katika barabara ya Magadi, Kaunti ya Kajiado. Kwa Kimaasai, oltepesi ni mgunga, ule mti wa miiba uliotandaza matawi kama mwavuli, ambao maganda yake huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi. Huenda msomaji wa pwani akastaajabu kusikia kuwa mti huo ni ndugu wa mbaazi tunazozipika kwa nazi tukazila kwa mahamri. Yote ni mimea ya jamii ya kunde.

Lakini ndugu si lazima wafanane tabia. Mgunga hujilinda kwa miiba na kwa ukali wa tanini. Mbaazi, soya na choroko zina ufundi mwingine: hutengeneza kemikali ziitwazo isoflavoni.

Mmea huanza na fenilalanini, mojawapo ya asidi za kujengea protini. Huiunga hatua kwa hatua hata ikapata umbo la pete tatu. Kisha kimeng'enya maalumu huing'oa pete moja na kuihamishia kwenye kaboni ya jirani. Kuhama huko kudogo ndiko kunakozaa isoflavoni.

Kwa rafiki kemikali hizi ni mwaliko. Kwa adui ni sumu. Mizizi ya soya huzitoa udongoni kuwaita bakteria wanaoupatia mmea naitrojeni. Ukungu ukishambulia, mmea huzidisha jamaa za isoflavoni ili kuuzuia.

Manufaa yake kwa mkulima yameonekana Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwenye kituo cha utafiti cha ICIPE. Katika sehemu hizo kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kimewaacha wakulima wengi bila mavuno. Watafiti walipanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, baina ya mistari ya mahindi, na kiduha kikapungua sana. Mwaka 2003 ilielezwa kwamba mizizi yake hutoa jamaa za isoflavoni: moja huziamsha mbegu za kiduha zikachipua, nyingine hudumaza mzizi mchanga usiufikie muhindi. Mbegu huota, ikakosa chakula, ikafa.

Basi mwenye shamba dogo asiye na fedha za dawa hupata mahindi na majani ya ng'ombe kwa pamoja. Si kila mmea wa jamii ya kunde uwezao kazi hiyo. Mgunga wa Oltepesi hauiwezi. Ndiyo maana inafaa kuujua kila mmea kwa tabia yake, si kwa ukoo wake tu.